Maswali ya Wasomaji: Kapasita za Sabufa na Msumari Uliokwama Katikati

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi, na ninaishi Mbagala Rangi Tatu. Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikikusanya vifaa vilivyotupwa: bodi za sabufa mbili mbovu, televisheni moja ya chogo, pawa saplai ya kompyuta na kamera mbili za zamani zenye flashi. Nia yangu ni kutengeneza kirusha chuma cha sumaku-umeme, yaani koili inayovuta kipande cha chuma na kukitupa upande wa pili bila baruti wala hewa ya kushindiliwa. Nimezungusha waya kwenye bomba la kalamu na kuuunganisha na betri ya pikipiki ya volti 12. Msumari unaingia kwa kasi, kisha unakwama katikati na koili inaanza kunuka. Rafiki yangu anasema dawa yake ni kapasita ya televisheni, ile iliyoandikwa volti 400. Nimekosea wapi, na je, nimsikilize rafiki yangu?
Mwanafunzi, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujakosea, koili yako imefanya kazi yake barabara, ila umeiomba kazi moja huku ukitaka nyingine. Koili yenye umeme haisukumi chuma wala haina upande wa mbele na wa nyuma. Inachokifanya ni kukivuta chuma kielekee katikati yake, kutoka upande wowote kitakapokuwa. Msumari ukiwa mdomoni huvutwa ndani, lakini ukishapita katikati na kutaka kutokea upande wa pili, koili ile ile huurudisha. Ndiyo maana unacheza kidogo huku na huku, kisha unatulia. Ukitaka kuiona tabia hiyo ikitumika kwa makusudi, mwombe fundi wa bajaji akufungulie solenoidi ya stata: ndani yake mna koili na kipande cha chuma, na dereva anapowasha, chuma huvutwa na kukaa hapo hapo hadi atakapoachia swichi. Wewe umetengeneza solenoidi nzuri, ila haijawa kirusha chuma.

Tofauti ya vitu hivyo viwili ni muda tu. Umeme unatakiwa uje kwa wingi msumari ukiwa bado mdomoni, na uwe umekwisha au umebaki kidogo sana pale msumari unapofika katikati, ili uendelee na safari kwa mwendo uliokwisha kuupata. Betri ya pikipiki haiwezi kufanya hivyo kwa sababu haina mwisho wa karibu. Utaendelea kuupata umeme wake hadi waya uungue, na harufu uliyoisikia ni ya vanishi inayofunika waya wa shaba. Kapasita ni kitu kingine. Betri ni bomba linalotiririka mchana kutwa, na kapasita ni ndoo: unaijaza taratibu, kisha unaimwaga yote kwa mara moja, na ikishamwagika haina kitu. Kumwagika huko ndiko kunakoikatia koili umeme bila wewe kuhangaika na swichi ya kukata.

Sasa nije kwa rafiki yako, ambaye amesema jambo lenye ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo ni jambo la hatari. Nishati iliyomo ndani ya kapasita hupatikana kwa kuzidisha nusu ya ukubwa wake kwa volti mara volti. Kapasita kuu ya televisheni ya chogo, tuseme ya mikrofaradi 220 (mikrofaradi ni kipimo cha ukubwa wa kapasita), huchajiwa na umeme wa nyumbani wa volti 230 ambao ukishanyooshwa na dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, hufika kilele cha volti 325 hivi. Humo mna jouli 11.6, jouli ikiwa ni kipimo cha nishati. Bodi zako mbili za sabufa zina kapasita nne, na ikiwa ni zile za kawaida za mikrofaradi 4,700 na volti 35, ukizichaji zote kwa volti 27 utapata jouli 6.85, yaani zaidi kidogo ya nusu ya ile ya televisheni. Ukiongeza sabufa mbili nyingine kutoka kwa jirani umeipita. Kwa hiyo suala halikuwa kwamba nishati inapatikana kwenye televisheni peke yake. Inapatikana pia kwenye takataka ambazo kila mtaa wa Dar es Salaam unazo, na kwa volti ambazo kwa kawaida ngozi kavu haizipitishi kiasi cha kudhuru moyo. Volti 325 zinapita, na zikipita kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia njia yake ni kifuani.

Sitakuficha kwamba volti kubwa zina faida moja ya kweli. Koili hukataa mabadiliko ya ghafla ya umeme, na kadiri volti zilivyo nyingi ndivyo umeme unavyopanda haraka ndani yake. Ukitumia volti 27 kwenye koili ya mizunguko 500 ya waya mwembamba, umeme utapanda polepole na utakuwa bado unapita wakati msumari umekwisha kufika katikati. Dawa yake ni kubadilisha koili na kuziacha volti zilivyo: tumia waya mnene zaidi na mizunguko michache. Mafundi wa kuwaindi mota huwa na vipande vya waya wa milimita 0.8 vilivyobaki, ambavyo ni vifupi mno kwao na vinakutosha wewe. Mita nne zinatoa mizunguko kama 100 kwenye urefu wa sentimita tatu. Waya kama huo una ukinzani wa takriban sehemu moja ya kumi ya omu, na hapo umeme utakaopita kwa muda mfupi sana utakuwa wa makumi ya ampea.

Kwa sababu hiyo swichi ya ukutani haifai. Ncha zake zitashikana kwa moto mara ya kwanza au ya pili. Tafuta thairista, yaani swichi ya kielektroniki isiyo na ncha za kugusana, ambayo hupatikana kwenye chaja kubwa za betri zilizokufa. Ile yenye uwezo wa ampea 25 za kudumu huvumilia mpigo mfupi wa ampea zaidi ya 200. Weka pia dayodi sambamba na koili, ikielekea kinyume na njia ya umeme, kwa sababu koili inapoishiwa hutaka kuendeleza umeme wake na inaweza kuichaji kapasita kinyumenyume. Kapasita za namna hiyo zina chanya na hasi, na ikigeuziwa upande inavimba na wakati mwingine inapasuka kwa kishindo na kumwaga majimaji yenye kemikali. Mstari ule mweupe ubavuni ni wa upande wa hasi. Usiuchukulie kuwa ni pambo.

Kuchaji, tumia betri tatu za volti 9 zilizofungwa mfululizo, zikipitia rezista, yaani kipande kinachopunguza umeme unaopita, ya omu 470. Baada ya sekunde 45 kapasita nne zitakuwa zimekaribia kujaa. Fanya hivyo na uache kabisa wazo la kuchomeka bodi ukutani, kwa maana sehemu kubwa ya maafa ya mafundi chipukizi hutoka ukutani kuliko kwenye kapasita.

Kuhusu msumari wenyewe, kata kipande cha sentimita tatu kutoka kwenye msumari wa inchi nne na usawazishe ncha zote mbili kwa tupa. Kitakuwa na gramu tatu na kitu. Usirushe kitu chenye ncha kali. Hakiendi haraka zaidi, na ajali yake ni jicho. Bomba liwe la plastiki. Wapo wanaotumia kipande cha antena ya redio kwa kuwa ni laini na kimenyooka, kisha wanashangaa nguvu inakwenda wapi: bomba la chuma chochote kinachopitisha umeme hujigeuza kuwa koili ya mzunguko mmoja, likala sehemu ya nguvu na kuigeuza joto.

Nikutahadharishe kuhusu matarajio. Kirusha chuma cha koili moja kilichotengenezwa nyumbani kwa kawaida hugeuza kuwa mwendo asilimia moja hivi ya nishati iliyokuwa kwenye kapasita, na mara nyingi pungufu ya hapo. Zinazobaki zinakuwa joto kwenye waya na ndani ya kapasita zenyewe. Jouli 6.85 ni kiasi ambacho taa ya LED ya wati 7 hutumia kwa sekunde moja. Asilimia moja yake ikiingia kwenye kipande chako, kitakwenda mita sita na nusu kwa sekunde, na ukikirusha wima kitapanda kama mita mbili, usawa wa juu ya mlango, kisha kirudi. Anayetaka kutoboa bati atafadhaika. Anayetaka kuelewa sumaku-umeme amepata maabara kwa bei ya betri tatu.

Maabara hiyo ina kipimo kisichohitaji chombo cha dukani. Weka bomba liwe mlalo sawasawa kwenye ukingo wa meza ya kimo cha sentimita 75. Tandaza mchanga wenye unyevu kwenye sinia sakafuni mahali unapodhani kipande kitaangukia, na nyuma ya sinia weka boksi lililojazwa vitambaa. Kitu chochote kikitoka mlalo kwenye kimo hicho hufika chini baada ya sekunde 0.39, kiwe kimekwenda mbali au karibu. Pima umbali kutoka chini ya mdomo wa bomba hadi kwenye alama ya mchangani, gawanya kwa 0.39, na utapata mwendo kwa mita kwa sekunde. Anza na kapasita moja, kisha mbili, kisha tatu, kisha nne, kila mara ukirusha angalau mara tano na kuandika zote, hata zile zinazokuaibisha. Itafika hatua ambapo utaongeza kapasita na msumari uende polepole zaidi. Usidhani umeharibu kitu. Utakuwa umerudi kwenye swali lako la kwanza kwa njia ya mzunguko, kwa kuwa ndoo itakuwa kubwa mno na bado inamwagika wakati msumari umeshapita katikati.

Sogeza pia mahali pa kuanzia, milimita mbili mbili. Jambo hilo dogo huleta tofauti kubwa kuliko kuongeza volti, na sijawahi kumwona kijana aliyeanza nalo.

SWALI: Mheshimiwa Mwandishi, mwanangu wa miaka 14 amegeuza chumba chake kuwa jalala la redio na kamera. Wiki iliyopita alifungua kamera ndogo ya flashi ambayo betri yake ilikuwa imetolewa siku nyingi, akapigwa hadi akaanguka chini na kidole kikabaki na alama nyeupe. Anasema anajenga mtambo wa sumaku. Baba yake anataka vyote vitupwe. Mimi ninaona mtoto ana akili, lakini ninaogopa. Je, nimzuie?
Mama, Tabata

JIBU: Mama, mzuie nusu, na nitakuonyesha mpaka upite wapi.

Kilichompiga ni kapasita ya flashi. Ndani ya kamera hizo kuna saketi ndogo inayochukua volti moja na nusu ya betri na kuipandisha hadi volti 300 na zaidi, kisha kuihifadhi kwenye kapasita ya mikrofaradi 80 hadi 120. Betri ikitolewa, chaji haiondoki nayo. Inaweza kukaa humo kwa siku kadhaa, na kwa nje huwezi kujua kwamba ipo. Kijana wako si wa kwanza. Mwaka 1746 Pieter van Musschenbroek, profesa wa mji wa Leiden huko Uholanzi, alimwandikia mwenzake wa Ufaransa kwamba alikuwa amepigwa na chupa ya maji iliyochajiwa umeme, na kwamba asingekubali kupigwa tena hata angepewa ufalme wote wa Ufaransa. Chupa ile ilikuwa miongoni mwa kapasita za kwanza duniani, na walioigundua waliigundua kwa kupigwa.

Mimi mwenyewe nilijifunza hivyo hivyo, katika mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam, nikiwa na miaka 19 na nikijiona fundi. Niliifungua televisheni iliyochomolewa ukutani tangu asubuhi, na kwa kuwa nilikuwa nimewaona wakubwa wakifanya hivyo, niliziunganisha ncha mbili za kapasita kuu kwa bisibisi ili kumaliza chaji. Ulitokea mlio kama wa fataki, cheche ya buluu ikaniachia doa machoni kwa dakika kadhaa, na ncha ya bisibisi ikabaki na tundu dogo lenye ukingo ulioyeyuka. Bwana aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza. Alikwenda kwenye droo, akatoa glopu ya wati 60 iliyofungwa nyaya mbili, akasema, "Hii ndiyo inayomaliza chaji. Bisibisi ni ya skrubu." Glopu huwaka mara moja kama kope inayopepesa, na chaji huisha bila cheche. Baada ya hapo unapima kwa mita, unasubiri dakika chache, unapima tena, kwa sababu kapasita kubwa ina tabia ya kurudisha sehemu ya volti zake hata baada ya kumwagwa, mithili ya sifongo lililokamuliwa ambalo bado lina unyevu ndani.

Kwa hiyo mpaka ni huu. Kamera za flashi ziondoke nyumbani. Televisheni za chogo asizifungue, kwa kuwa mbali na kapasita kuu, kioo chenyewe hufanya kazi kwa volti 20,000 na zaidi, na kinaweza kubaki na chaji. Maikrowevu asiikaribie hata ikiwa haina waya: transfoma yake hutoa kama volti 2,000 zenye umeme wa kutosha kuua mtu mzima palepale, na mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi wamekufa kwayo. Hilo sina mjadala nalo, na ningeomba baba yake akubaliane nami hapo kwa sauti kubwa.

Bodi za sabufa, redio za betri, mota za vichezeo na spika mwachie. Mnunulie mita, rezista ya omu 1,000 ya wati 2 ya kumalizia chaji, na miwani ya plastiki ya kukingia macho. Mwekeeni sharti kwamba hafanyi kazi akiwa peke yake nyumbani, anavaa ndala, anavua pete na saa ya chuma (volti 27 hazipigi, lakini zikipita kwenye pete zinaichemsha ikiwa kidoleni), na kwamba kila kapasita iliyo mezani iwe imefungwa kipande cha waya kinachounganisha ncha zake mbili mpaka pale itakapohitajika. Nanyi wakubwa mjue swichi kuu ya nyumba iko wapi. Mtu akinaswa na umeme wa ukutani hamumvuti kwa mkono, mnazima kwanza.

Mtoto anayejua kwa nini maikrowevu imekatazwa na sabufa imeruhusiwa ana usalama zaidi kuliko yule ambaye vitu vyake vyote vimetupwa, kwa sababu huyu wa pili ataanza upya kwa rafiki yake, mahali ambapo mama haoni.

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi wa redio hapa Kariakoo. Nimejenga koili kama hiyo kwa thairista. Mpigo wa kwanza unakwenda vizuri, kisha thairista haizimi na koili inachemka. Nimebadilisha thairista mbili, hali ni ile ile. Ninachaji kwa chaja ya laptopu ya volti 19 kupitia taa ya indiketa ya bodaboda.
Fundi, Kariakoo

JIBU: Fundi mwenzangu, thairista zako zote mbili ni nzima, zirudishe kwenye droo. Thairista ikishafunguka haijifungi mpaka umeme unaopita ndani yake ushuke karibu na sifuri, na wewe hujaupa nafasi ya kushuka: kapasita zinapokwisha, chaja inaendelea kupitisha ampea moja na zaidi kupitia ile taa, moja kwa moja hadi kwenye koili. Weka swichi kati ya chaja na kapasita, na uikate kabla ya kurusha. Hata rezista ya omu 470 niliyompa kijana wa Mbagala hapo juu hupitisha miliampea 57, ambazo kwa baadhi ya thairista zinatosha kuizuia isifunge, naye akate.

SWALI: Nimesoma kwamba manowari za Marekani zina mizinga ya sumaku isiyotumia baruti. Je, ni kitu hiki hiki ambacho vijana wanatengeneza kwa vyuma chakavu? Na ni nani aliyekianzisha?
Mstaafu, Kigamboni

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Ni ndugu, lakini si pacha. Mzinga uliosikika sana ni wa reli mbili: vyuma viwili vinalala sambamba, umeme mwingi sana unapita kwenye kimoja, unavuka kupitia kitu kinachorushwa, na kurudi kwa kingine, na sumaku inayozaliwa na umeme huo ndiyo inayokisukuma. Hakuna koili. Ugumu wake ni kwamba reli zinalika kwa msuguano na moto kila inaporushwa. Jeshi la wanamaji la Marekani liliufanyia utafiti kwa miaka mingi, likafikia jaribio la jouli milioni 33 mwaka 2010, kisha likasimamisha kazi hiyo mwaka 2021. Japani iliufyatua wake kutoka melini mwaka 2023.

Kilicho karibu zaidi na cha vijana wetu ni mtambo wa kurushia ndege ulio kwenye meli ya USS Gerald R. Ford, iliyoanza utumishi mwaka 2017. Badala ya mvuke uliotumika zamani, sumaku zimepangwa kwa vipande kando ya njia, na kila kipande hupewa umeme wakati ndege inapokifikia na kunyimwa inapokipita. Ni shida ile ile ya msumari wa Mbagala, nani apewe umeme na kwa muda gani, isipokuwa hapa kompyuta ndiyo inayohesabu.

Kuhusu mwanzilishi, majina ni mengi, ila yupo mmoja ambaye hadithi yake imefika hadi kwenye mashamba yetu. Kristian Birkeland alikuwa profesa wa fizikia mjini Oslo, Norway, wakati huo ukiitwa Kristiania. Mwaka 1901 alisajili hataza ya mzinga wa koili, na mwaka 1903 akauonyesha mbele ya wageni katika ukumbi wa chuo kikuu. Umeme ukapiga shoti, ukatokea mwanga mkali na mngurumo, na watu wakataharuki. Mzinga haukupata soko. Lakini katika mwaka huo huo Birkeland alikutana na mhandisi Sam Eyde, aliyekuwa akitafuta moto wa umeme wenye nguvu ya kuifanya naitrojeni ya hewani iungane na oksijeni ili itengenezwe mbolea. Kile kilichokuwa aibu ukumbini ndicho Eyde alichokuwa akikihitaji. Kampuni ya Norsk Hydro ikaanzishwa mwaka 1905, na mwaka 2004 upande wake wa mbolea ukajitenga kwa jina la Yara. Mifuko yake iko kwenye maduka ya pembejeo ya nchi hii, na mkulima anayeibeba begani hana habari kwamba nyuma yake kuna mzinga uliopiga shoti. Mimi hadithi hii hainichoshi.

SWALI: Nina duka la vinywaji Ubungo na vibaka wamenizidi. Je, mtambo huo unaweza kuongezwa nguvu ili uwe wa kujilinda? Nipe vipimo vya kapasita.
Mfanyabiashara, Ubungo

JIBU: Vipimo hivyo sitavitoa, hapa wala kwa barua ya pembeni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikumpa mtu ruhusa ya kujitengenezea silaha nyuma ya duka, na ukishasema nia yako ni kumpiga mtu, hutakuwa na pa kujificha kwa kuiita sayansi. Tena kapasita zilizochajiwa volti mamia chini ya kaunta yenye maji, barafu na chupa zinazovuja zitakupiga wewe au kijana wako wa dukani muda mrefu kabla kibaka hajafika. Weka taa inayowaka yenyewe mtu anapopita, kitasa kizuri, na uzungumze na ulinzi shirikishi wa mtaa wako.

SWALI: Shikamoo tena, Mwalimu. Ni yule wa Mbagala, na ninashukuru kwa majibu yako uliyonitumia kabla ya gazeti kutoka. Nimezungusha koili mpya ya waya mnene, meza ina sentimita 75, sinia la mchanga nimeliazima kwa mama. Kwa kapasita moja wastani wa mara tano ni mita 1.0, kwa mbili 1.7, kwa tatu 2.1, na kwa nne umerudi hadi 1.9. Ulisema itatokea, na bado nilidhani nimeunguza kitu. Nifanye nini sasa?
Mwanafunzi, Mbagala

JIBU: Marahaba. Takwimu zako ni safi. Zikigawanywa kwa 0.39 zinatoa mita 2.6, 4.4, 5.4 na 4.9 kwa sekunde, na kwa kipande cha gramu 3.3 maana yake ni kwamba kapasita mbili na tatu zimekupa asilimia 0.9 ya nishati, huku ya nne ikikushusha hadi asilimia 0.6. Usiiondoe hiyo ya nne. Iache, na kisogeze kipande nyuma milimita tatu kutoka pale kilipokuwa kikianzia, ili kiwe na safari ndefu zaidi kabla ya kufika katikati. Kisha milimita tano, kisha nane. Rusha mara tano kila mahali. Niandikie umbali wote, na useme pia ikiwa mchanga ulikuwa mkavu au una unyevu, maana mchanga mkavu hubomoka na alama yake hudanganya kwa sentimita kadhaa.